Mama Chupa na Mnyororo wa Pingili Kumi na Tisa

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutusindikiza, mimi ni mke wa mwanawe wa mwisho, kazi ya kusoma historia hii nimepewa na marehemu mwenyewe, na aliyenieleza kwa mara ya kwanza mambo ya kazi yake, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maisha yake, ni yeye huyohuyo, tarehe 11 Agosti 2021, tukiwa jikoni kwetu, mimi nikiwa na mtoto wa wiki tatu na yeye akinifundisha kuosha chupa ya maziwa. Sauti yangu ni ndogo, naomba walio nyuma wasogee mbele, viti vipo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1954, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba fundi cherehani na mama dobi, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, na kwa kuwa mapovu ya kiwanda yalipita kwenye mtaro mbele ya mlango wao, ndugu zake walimtania kwamba yeye alikuja duniani akiwa ameshaoshwa. Mama yake alimfundisha kufua tangu akiwa na miaka sita, akisimama juu ya kreti ili alifikie beseni, na dada yake mkubwa, ambaye tuko naye hapa, anasema hata wakati ule akikuta sahani ina mafuta aliirudisha tu kwenye maji mbele ya macho ya aliyeiosha.

Alianza darasa la kwanza Januari 1962 na kumaliza darasa la saba Novemba 1968, somo alilolipenda likiwa hesabu, lakini nafasi za kuendelea zilikuwa chache, na baba yake alikuwa ameanza kupoteza macho, hivyo alibaki nyumbani akimtungia baba uzi kwenye sindano. Hakuwahi kulisimulia jambo hilo kwa uchungu, ila alibaki na mazoea ya kusoma kila karatasi iliyofungiwa kitu kutoka dukani, na hakuitupa mpaka ameimaliza pande zote mbili.

Tarehe 5 Februari 1973 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, na huko ndiko alikokutana na marehemu baba mkwe wangu, ambaye alikuwa fundi wa majokofu lakini siku hiyo aliitwa kutengeneza mashine ya kufulia, akaiharibu zaidi, ikabidi arudi mara nne, na mama alisema hadi mwisho wa maisha yake kwamba hakupata kujua kama yule bwana alikuwa hajui kazi au alikuwa anaijua sana. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1977 na kujaliwa watoto watatu, wa kwanza ni mwalimu wa shule ya msingi, aliyezaliwa 1978, wa pili ni binti, mshonaji, aliyezaliwa 1983, na wa mwisho ni fundi umeme, aliyezaliwa 1988, ambaye ndiye mume wangu. Baba yao alifariki ghafla tarehe 20 Aprili 1991, na tangu siku hiyo mama aliwalea watoto peke yake.

Tarehe 3 Septemba 1979 marehemu alihamia maabara ya chuo kikuu kama mwosha vyombo vya kioo, na hapo ndipo alipopata jina la Mama Chupa, ambalo wengi wenu mnamjua kwalo kuliko jina lake. Mkuu wa maabara ile aliitwa na wafanyakazi Bwana Udongo, kwa sababu rafu zake zilijaa vikopo vya udongo wa mfinyanzi uliochukuliwa sehemu mbalimbali, naye alilijua jina hilo na kulifurahia.

Kwa kuwa wengi wetu hatukujua walichokuwa wakikitafuta pale, nitakieleza kama mama alivyonieleza mimi niliyeishia darasa la saba kama yeye. Kila kilicho hai, kiwe mtu, mchicha au kijidudu kisichoonekana, kimebeba ndani yake maandishi ya urithi, yaani vinasaba, na ndiyo yanayofanya mjukuu azaliwe na masikio ya babu ambaye hakuwahi kumwona, lakini ili maandishi hayo yanakiliwe yanahitaji wafanyakazi, yaani protini, na wafanyakazi wenyewe hutengenezwa kwa kufuata maandishi hayohayo. Mama alisema ni kama kitabu cha mapishi kisichosomeka mpaka apatikane mpishi, na mpishi naye amepikwa kutoka kwenye kitabu hicho, sasa nani alitangulia jikoni. Wataalamu wengi hufikiri kwamba mwanzoni alikuwepo ndugu mwingine wa vinasaba, wanamwita RNA, anayeweza kubeba maandishi na papo hapo kufanya kazi kwa mikono yake, yaani kitabu kinachojipika chenyewe, na wifi yangu aliposikia hivyo aliuliza kinauzwa wapi.

Shida iliyobaki ni huyo RNA naye alitoka wapi. Wako wanaosema vipande vyake viliungana chini kabisa ya bahari, pale ambapo maji ya moto hutoka kwenye nyufa za miamba, wako wanaosema malighafi yake ililetwa na mawe yaliyoanguka kutoka angani, na Bwana Udongo alikuwa upande wa wale wanaosema mambo yalianzia nchi kavu, kwenye vidimbwi vinavyojaa na kukauka, vikajaa tena na kukauka tena, huku udongo wa chini ukivishikilia vile vipande karibu karibu mpaka vikashikana vyenyewe. Mama alipenda kuongeza kwamba hakuna aliyekuwepo kushuhudia, hata Bwana Udongo, ingawa umri wake unatia shaka. Na majirani walipomuuliza kama kazi ile si kushindana na Muumba, aliwajibu kuwa yeye anaosha chupa, ugomvi wa wakubwa hauingii kwenye sinki.

Januari 1995 maabara ilianza jaribio la vidimbwi, visahani kumi na viwili vya kioo katika safu mbili za sita sita, kila kimoja kikiwa na udongo kidogo na vipande vya RNA ambavyo bado havijaungana, na marehemu alikabidhiwa kazi ya kutia matone ishirini ya maji kila asubuhi saa mbili, kuwasha taa ya joto, kuangalia vikauke, na kesho yake kuanza upya. Watoto wake waliwaambia wenzao shuleni kwamba mama yao ameajiriwa kusubiri matope yakauke, na hawakuwa wamekosea sana. Maji yenyewe yalikuwa ya mvuke, yaliyochemshwa na kupoozwa kwenye mtambo wake, yakahifadhiwa katika chupa kubwa yenye mpira wa kutolea maji chini, na kila baada ya mwezi wataalamu walichukua chembe kwenye kila kisahani wakapima urefu wa mnyororo, yaani ni vipande vingapi vimeungana, au kama walivyosema wao, pingili ngapi. Kwa mwaka mmoja na nusu hawakuvuka pingili kumi na mbili.

Septemba 1996 umeme ulikatika siku tatu, visahani vikakaushwa kwa jua la dirishani, mtambo wa maji ukasimama, na maji mapya yaliyokuwepo yalitosha safu ya kwanza peke yake. Chupa kubwa ilikuwa na maji ya wiki iliyopita, ambayo kwa taratibu za maabara yalipaswa kumwagwa, lakini mama, mtoto wa dobi, aliyeyaona maji yale yakimetameta bila doa, alishindwa kuyamwaga, akayatumia kwenye safu ya pili ili hesabu ya siku isikatike. Hilo ndilo kosa lake, alilitaja kwangu kwa jina hilo, na hakuwahi kulipunguza.

Vipimo vya Oktoba vilipotoka, safu ya pili ilikuwa na minyororo ya pingili mia moja na sitini. Vijana wa maabara waliiandika namba hiyo kwa chaki kwenye mlango, watu wa idara nyingine walikuja kuitazama, na Bwana Udongo akaanza kuandaa safari ya kwenda kuitangaza mbele ya wataalamu wa nchi nyingi, safari iliyopangwa tarehe 21 Oktoba.

Jumatatu tarehe 14 Oktoba 1996, asubuhi, marehemu aliichukua ile chupa kubwa ili aioshe. Mnaomjua mnajua namna yake ya kupima usafi, anapitisha kidole kwenye kioo kilicholowa, na kioo kikiwa safi kinalia, kikiwa kichafu kinanyamaza. Chupa ililia vizuri, lakini alipoingiza kidole kwenye ule mpira wa chini alikuta utelezi, mwembamba kama wa ndani ya bamia, usioonekana kwa macho. Utelezi katika maji yaliyolala maana yake ni vijidudu vimehamia humo na kuzaliana, na kila kijidudu kimejaa RNA ndefu kiliyoitengeneza chenyewe. Alielewa palepale kwamba mnyororo wa mlangoni haukutoka kwenye udongo usio na uhai, ulikuwa umetoka kwa viumbe vilivyo hai tayari, na kwamba yeye ndiye aliyevitia kwenye visahani.

Aliniambia kuwa alisimama pale sinki brashi ikiwa mkononi na bomba likiwa wazi mpaka maji yakafurika beseni na kumlowesha viatu. Kusugua mpira ule ilikuwa kazi ya dakika mbili, tena ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya, hakuna ambaye angemuuliza kwa nini ameosha chombo, na hakuna ambaye angejua kamwe. Alikuwa mjane, mwanawe wa mwisho ana miaka minane. Alifunga bomba, akauchomoa mpira na kuufunika ndani ya kopo safi la kioo bila kuuosha, akapanda nalo ofisini kwa Bwana Udongo, akaliweka mezani juu ya karatasi za hotuba.

"Mzee, ule mnyororo nadhani umetoka humu," alimwambia.

Bwana Udongo aliingiza kidole, akakisuguanisha na kidole gumba, kisha akamuuliza nani mwingine anajua. Mama alimjibu, "Mimi na sinki."

Vipimo vya siku nne vilithibitisha kuwa mnyororo ule ulikuwa wa vijidudu. Safari ilifutwa, namba ikafutwa mlangoni, wafadhili wakasimamisha msaada wao, na tarehe 22 Novemba 1996 marehemu alipewa barua ya kumwachisha kazi kwa uzembe, barua ambayo Bwana Udongo aliisaini kwa mkono wake, bila kulazimishwa na mtu yeyote. Barua haikutaja kwamba aliyeleta habari ya kosa ni huyohuyo anayefukuzwa. Mtaani ilisemwa kwamba Mama Chupa amewaharibia wasomi kazi kwa uchafu, watoto wake wakazomewa njiani, na yeye hakumwendea mtu kujieleza, alipata kibarua cha kuosha bilauri kwenye kibanda cha chai karibu na stendi, na mwenye kibanda, ambaye naye yupo hapa, anasema katika mwaka ule wateja walimsifu kwa chai wakati hakuwa amebadilisha chochote kwenye chai.

Jumapili tarehe 26 Oktoba 1997 Bwana Udongo alikuja nyumbani kwake, akaketi kwenye kochi lenye mguu mmoja wa tofali, akamweleza kwamba tangu aondoke waoshaji watatu wamepita pale, kila kisahani kinaletwa kikiwa kinang'aa, na yeye hawezi tena kuyaamini matokeo yake mwenyewe, kwa kuwa hajui ni nani kati yao angemletea mpira mchafu mezani. Mama alikubali kurudi kwa masharti mawili, apewe kigoda cha kukalia, na mwoshaji naye awe anaandika kwenye daftari la jaribio, maji ya lini, chombo cha lini, nani ameosha. Alirudi kazini tarehe 3 Novemba 1997, na mpaka leo katika maabara ile matokeo hayapelekwi popote kabla mwoshaji hajatia saini. Lakini ile barua ya uzembe haikuondolewa kwenye jalada lake, imo humo hadi leo, na siku alipostaafu, tarehe 30 Juni 2014, akiwa mwosha vyombo mkuu, hotuba ilisomwa ndefu na miaka hiyo miwili ilirukwa.

Ningependa pia mjue kwamba Mei 2003 jaribio la vidimbwi, lililoanzishwa upya tangu mwanzo, lilitoa mnyororo wa pingili kumi na tisa, uliopimwa mara saba na kuonekana hauna kijidudu ndani yake. Mama alirudi nyumbani siku hiyo na soda kwa kila mtoto, jambo lisilo la kawaida yake. Nilipomuuliza kama basi wamejua uhai ulivyoanza, alinicheka, akasema pingili kumi na tisa si uhai, ni kama kusikia mtu anakohoa chumba cha pili, unajua kuna kitu, hujui ni nani wala amefikaje, lakini angalau safari hii walikuwa na hakika kwamba aliyekohoa si wao.

Baada ya kustaafu aliishi na sisi, akilea wajukuu wake wanne, na hakuna chupa ya maziwa ya mjukuu iliyotoka jikoni bila kulia. Februari 2023 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi akipanda ngazi, akapimwa na kuambiwa moyo umepanuka, akatibiwa kwa kwenda na kurudi, mpaka tarehe 19 Mei mwaka huu alipolazwa na hakutoka tena. Tarehe 28 Mei, nilipokuwa nikimsafisha, alinitaka niandike historia yake na niisome mimi, nikamwambia mimi ni mtu wa kujificha nyuma ya mlango, wapo watoto wake wenye sauti, mmoja ni mwalimu kabisa.

Akasema, "Wale ni wanangu, wataniremba. Wewe soma nilivyofanya. Na ukifika kwenye barua, usiruke."

Alifariki Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa amebakiza siku tano kutimiza miaka sabini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa muuguzi aliyekubali kukosolewa na mgonjwa juu ya usafi wa glasi ya dawa na hakununa, tunawashukuru majirani waliotuletea viti, sufuria na maji bila kuombwa, tunawashukuru wafanyakazi wote wa maabara, waoshaji mliokuja na makoti yenu ya kazi, na mwenye kibanda cha chai aliyempokea wakati hakuna mwingine aliyempokea.

Shukrani ya mwisho ni ya Bwana Udongo, ambaye ameketi safu ya pili, na lazima niieleze. Juzi alasiri, familia ilipokaa kupitia historia hii, shemeji yangu mkubwa, ambaye ninamheshimu kama kaka yangu wa kuzaliwa, aliniomba tupite haraka kwenye mambo ya barua, akasema, "Shemeji, msiba si mahakama, na mzee wa watu atakuwa amekaa pale mbele." Wote waliona ana haki, na mimi sikubisha, kwa kuwa sijui kubisha mbele za watu, nikaukunja ukurasa ule nikauweka pembeni.

Kesho yake asubuhi nilimwachia mume wangu mtoto, nikaenda na ukurasa ule mpaka kwa Bwana Udongo, nikamkuta getini akiwa na kandambili, na kwa kuwa macho yake hayasomi tena maandishi ya mkono, ilibidi nimsomee palepale tumesimama. Nilikuwa nimeandika kwamba aliisaini barua kwa sababu uongozi ulimlazimisha, maana ndivyo marehemu alivyonisimulia kila mara. Nilipofika hapo alininyooshea mkono ninyamaze.

"Hakuna aliyenilazimisha," alisema. "Nilikuwa na hasira naye, nikasaini. Alikuwa ananifichia. Rekebisha hapo, mwanangu, halafu usome wote, nami nitakuwepo."

Nikauegemeza ukurasa kwenye ukuta wa geti, nikakata mstari mmoja, nikaandika juu yake kama mlivyosikia, kisha nikampitia shemeji yangu kwake na kumsomea wote, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti. Aliniuliza kama nitaweza kuusoma mbele ya watu bila kutetemeka, nikamjibu kwamba kutetemeka nitatetemeka, ila sitaruka.

Mama, umesimama miaka mingi, sasa pumzika.